Mashahidi Arubaini wa Namba Shufwa

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye khitma ya Sefu, fundi cherehani wa Mlandege, rafiki niliyemjua kwa zaidi ya miaka sitini. Tulipokwisha kusoma na sinia zilipoletwa, mtu mmoja wa makamo aliyekaa ubavuni mwangu aliwageukia vijana waliokuwa wakigawa maji ya kunawa. "Nyinyi mnamjua huyu?" akawauliza. "Huyu mzee na marehemu ni katika wale arubaini. Kuna hesabu iliwashinda Wazungu miaka mia mbili, ikathibitishwa hapa hapa mjini kwetu, juu ya ghala la papa. Kabakia yeye tu." Kijana mmoja akaliweka birika chini, akaja mbio kunibusu mkono. Niliurudisha mkono ndani ya kanzu kabla hajaufikia. Pilau ilikuwa nzuri, imeiva kwa moto wa kuni, na nyama haikuwa haba, lakini sikula. Watu walidhani ni huzuni, na huzuni kweli ilikuwapo, maana nilimpenda Sefu. Ila lililonizuia kula lilikuwa kinyaa, kinyaa kile kile cha mwaka ule wa ujana wangu. Alhamdulillahi, Mola kanipa umri mrefu na akili bado inakumbuka, basi nauandika mwaka huo kama ulivyokuwa, ili asije mwengine akanibusu mkono kwa jambo ambalo nililiombea msamaha.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini na mimi nilikuwa na miaka ishirini. Asubuhi nilisoma fiqhi kwa Sheikh Twahiri, mzee mwembamba aliyefundisha kwenye chumba cha nyuma ya msikiti, na tumaini langu lilikuwa moja tu: siku moja aniweke kuwa karani wake wa nikaha na talaka, mtu anayeandika na kushuhudia. Kazi hiyo haikuhitaji elimu kubwa. Ilihitaji mtu ambaye neno lake linakubaliwa. Jioni, baada ya sala ya alasiri, nilikwenda kwa Maalim Mkadam. Maalim alikuwa amesomesha hesabu maskulini miaka mingi kisha akastaafu, na mtaa mzima ulimwita pale ndugu walipogombania mirathi, kwa sababu aliweza kugawa shamba la mikarafuu kwa warithi kumi na saba bila ya kuandika kitu. Alikaa chumba cha juu, na chini yake palikuwa na ghala la papa mkavu. Harufu ilipanda kupitia nyufa za sakafu ya mbao ikaingia kwenye mikeka, kwenye mito, kwenye madaftari. Nikirudi kwetu, kofia yangu ilitundikwa nje. Maalim mwenyewe hakuisikia tena harufu ile. Alikula hapo hapo alipoandika, mkate wa mofa na mchuzi wa papa, na vidole vyake viliacha alama za mafuta pembezoni mwa kurasa, hata ukilipeleka daftari kwenye mwanga uliweza kusoma upande wa pili.

Hesabu yenyewe aliipata kwenye gazeti la kizamani lililoachwa na mhandisi wa meli. Nitaieleza, maana mtoto wa darasa la tano anaweza kuifahamu, na hiyo ndiyo fitina yake. Namba tasa ni ile isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake: tatu, tano, saba, kumi na moja. Mtu mmoja wa Ulaya wa zamani alisema kwamba kila namba shufwa inayozidi mbili ni jumla ya namba tasa mbili. Nane ni tatu na tano. Ishirini na nane ni tano na ishirini na tatu, au kumi na moja na kumi na saba. Jaribu yoyote uitakayo, utaona ni kweli. Lakini kwamba ni kweli daima, hata kwa namba ambazo hakuna binadamu atakayezifikia, hilo hakuna aliyelithibitisha. Maalim aliposoma hayo aliacha hata kwenda barazani. Miezi mitatu ya mwanzo alifanya kazi ya haki, na mimi nilikuwa nikimnakilia. Mara tano alitangaza kwamba amepata, na mara tano tukakuta kwamba katikati ya safari alikuwa amelichukua lile lile analotaka kulithibitisha akalitumia kama nguzo. Mara ya tano alilia. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, naye hakuwahi tena kunipa sababu ya kumpenda.

Sefu aliletwa na mimi. Alikuwa na cherehani yake chini ya roshani ya duka moja pale Mlandege, kijana mcheshi, watu wa babu yake walitoka bara. Hesabu alisoma kidogo, lakini mikono yake ilifikiri. Alipoona tunavyohangaika kutafuta namba mbili mbili, alichukua yadi kumi na nne za bafta, akakata utepe mwembamba, akaupiga mistari ya robo inchi, kila mstari namba moja ya witri, moja, tatu, tano na kuendelea, kisha akatia nukta ya wino mwekundu kwenye kila namba tasa hadi karibu na elfu nne. Akafanya utepe mwengine mfupi, namba zake zikienda kinyume. Ukiuweka ule mfupi chini ya ule mrefu mahali pake, popote nukta mbili zinapokutana, hapo pana jawabu. Lilikuwa jambo zuri kulitazama. Mpaka leo nikikumbuka nukta mbili zile zikikaa moja chini ya nyengine namshukuru Mungu kwa akili aliyoigawa bila ya kuangalia shahada wala kabila. Maalim alimpiga Sefu begani akacheka, kisha akautazama tena utepe ule, na hapo ndipo uharibifu ulipoingia.

"Hamadi," akaniita.

"Naam, Maalim."

"Huko kwa Sheikh wako mnasoma khabari ya mutawatiri. Nambie ni ipi."

Nikamjibu kama nilivyohifadhi, kwamba ni khabari iliyopokewa na watu wengi kiasi kwamba haiwezekani wote wawe wamekubaliana juu ya uongo, na khabari hiyo huleta yakini.

"Yakini," akasema. "Si dhana. Basi Wazungu wamehangaika miaka mia mbili wakitafuta hoja, na sisi tunayo njia ya yakini tangu na tangu. Watu arubaini. Waadilifu, wa mitaa mbali mbali, wengine mjini, wengine shamba. Kila mmoja namba khamsini zake, azihakiki kwa utepe huu, aandike jina na ashuhudie, kisha tuzipeleke zote Uingereza kwa barua. Watu arubaini hawawezi kukosea wote."

Sefu alikuwa ameshika sindano mdomoni. Akaitoa. "Maalim, samahani. Mimi nkimpima kila mtu wa mtaa huu, mmoja mmoja, bado sijampima atakayezaliwa kesho."

"Wewe shona," Maalim akamwambia.

Na mimi nikacheka. Nilijua kwamba Sefu amesema kweli. Nilijua kwamba mutawatiri huthibitisha kitu ambacho watu wamekiona, na mwisho wa namba hakuna aliyeuona. Lakini Maalim alikuwa ametumia istilahi yangu, ile niliyoisoma kwa taabu, kuufungulia mlango wa Ulaya, nami nikaona fahari. Nikachukua kalamu nikaanza kupanga majina.

Kilichofuata kilikuwa kama sherehe isiyokwisha. Chumba kile kilichokuwa cha watu watatu kikajaa. Walikuja wauza vitambaa, karani wa bandari, muadhini, mwenye mkahawa wa jirani, kila mtu anataka jina lake liwemo. Walileta vitumbua na mikate ya ufuta, wakala juu ya karatasi, wakamwaga kahawa. "Maalim, mimi nipe namba ndogo ndogo, macho yangu mabovu." "Ah, yule keshapewa mia, mimi nipe elfu, nisionekane mnyonge." "Na Malkia ataisoma barua hii?" "Ataisoma nini, atatafsiriwa!" Kicheko. Mmoja alirudisha karatasi yake kesho yake asubuhi, khamsini zote, safi, na nilipotazama nikakuta ameandika kwamba tisa ni tasa. Nikamwonyesha Maalim. Maalim akairekebisha kwa mkono wake mwenyewe na akaliacha jina la mtu yule chini. "Nia yake ilikuwa njema," akasema, akaendelea kumenya chungwa. Katika wote wale, kwa ninavyojua mimi, Sefu peke yake aliihakiki karatasi yake yote. Ilimchukua wiki mbili, baada ya kazi, na kila namba aliiandikia jozi zake zote, si jozi moja tu. Alipoileta, ilikuwa imekunjwa kwa pasi kama kanzu ya Idi.

Ilipobakia wiki moja kabla ya meli ya barua, Maalim alikuwa na watu thalathini na mbili. Wanane walipungua, na yeye alishatangaza arubaini. Akasema watu wa shamba lazima wawemo, vyenginevyo itaonekana ni njama ya mji, akanichukua tukapanda basi la mbao hadi Mkokotoni, ambako alikuwa na jamaa. Tulifika sokoni kabla ya adhuhuri, jua kali, mizani zimejaa magamba, nzi juu ya matumbo ya samaki. Nilikuwa nimebeba utepe wa Sefu kwenye mkoba, yadi zote kumi na nne. Haukutolewa. Maalim alikaa kwenye jamvi la binamu yake, tukaletewa muhogo na changu wa kukaanga, na huku tunakula watu wakaitwa mmoja mmoja. Akawaambia kwamba ni kheri, ni jina la Unguja, weka dole hapa. Wakaweka. Watu saba, wema, wenye adabu, walioniamkia mimi niliye mdogo kwao, waliweka dole gumba kwenye wino na kwenye karatasi ambayo hawakujua ina nini, kwa sababu Maalim alikuwa mtu wa heshima na mimi nilikuwa nimevaa kilemba cha mwanachuo.

Wa nane alikuwa Bi Mize, Mtumbatu muuza samaki, mwanamke mpana, mikono hadi viwiko imelowa maji ya samaki. Alizungumza Kitumbatu chao, nami nayaandika maneno yake kwa lugha ya mjini. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Hii inasema nini, mwanangu?"

"Inasema kwamba umezihakiki namba hizi, Bi, na kwamba unashuhudia."

"Nshazihakiki?"

Nikamtazama Maalim. Maalim akajibu, "Zimehakikiwa, Bi Mize. Wewe ni kuweka dole tu."

"Mimi mtu akija akaniambia samaki huyu wa leo, namfungua shavu nimtazame. Wewe hata shavu hujanifungulia." Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Nenda kamtie mkeo kwenye karatasi yako. Lakini nyinyi watu wa mji hamna haya? Na huyu kavaa kilemba!" Wanawake wenzake wakacheka, mmoja akapiga kigelegele cha kejeli, na Bi Mize akarudi kwenye meza yake.

Maalim alingoja mpaka macho ya watu yalipoondoka. Akachovya dole lake mwenyewe kwenye wino, akalibandika mbele ya jina la Bi Mize, akalipangusa kwa kipande cha muhogo kilichobakia, akakitupa chini. Paka akakinusa akakiacha. Kisha akanisogezea karatasi. Chini kabisa nilitakiwa niandike kwa mkono wangu kwamba hawa wanane wamezihakiki namba zao mbele yangu, na kwamba mimi, Hamadi, mwanafunzi wa Sheikh Twahiri, nashuhudia hivyo kwa jina la Mola wangu. Hakunitisha, hakunilazimisha, wala hakuna aliyenishika mkono. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ya mafuta ya samaki, kichwani nilikuwa na kilemba, na nikaandika. Niliandika kwa khati nzuri, hata nikairudia alifu moja iliyokuwa imepinda kidogo. Ndani ya basi wakati wa kurudi Maalim alilala, kinywa wazi, na mimi nilitoa kichwa dirishani nikatapika mpaka Mahonda.

Barua ikaenda. Baada ya miezi kadhaa ikaja jawabu kutoka chuo kimoja cha Uingereza, mistari minne. Maalim aliisoma mbele ya watu chumba kimejaa, kwa Kiswahili, na alisoma mstari wa kwanza tu, unaomshukuru kwa juhudi kubwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na Kiingereza changu kilitosha. Mistari mitatu iliyobakia ilisema kwa upole kwamba mifano, hata ikiwa mingi vipi, haithibitishi kanuni. Akaikunja. Pakasomwa maulidi, pakagawiwa halwa, na mtu mmoja akatoka barazani akapiga ukelele kwamba Wazungu wamekiri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo ilivyofika kwenye khitma ya mwezi uliopita. Nimeishi nikiona makosa mengi makubwa kuliko hayo, na sisi wana wa visiwa hivi tumeona ya kutosha. Lakini nafsi yangu hujikunja zaidi kwa lile, kwa sababu lilifanywa kwa vyombo vya dini: uadilifu, ushahidi, yakini. Ni kama mtu kuosha miguu yenye tope ndani ya birika la kutawadhia.

Siku ya tatu baada ya maulidi yale nilibakia msikitini wenzangu walipotoka. Nilimwambia Sheikh Twahiri kwamba nimeshuhudia uongo. Alikuwa akifunga kitabu, akaacha.

"Juu ya haki ya nani?"

"Si mali ya mtu, Sheikh. Ni juu ya hesabu. Nimeandika kwamba watu wamehakiki mbele yangu na hawakuhakiki. Na Maalim..."

Akanyanyua mkono. "Nambie lako. La mwengine sikukuuliza."

Nikamwambia langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye jamvi. Nilitaraji aghadhibike, na nilitaraji pia, naona haya kulisema, kwamba atanisifu kwa kukiri. Hakufanya lolote katika hayo. "Unaijua mas-ala yake," akasema. "Umeisoma mwaka jana kwenye mkeka huu." Niliijua. Aliyeshuhudia uongo, toba yake inapokelewa na Mola papo hapo akipenda, lakini ushahidi wake kwa watu haurudi mpaka upite mwaka mzima, misimu yote, ili ionekane kwamba amebadilika kweli. "Mwaka," akasema Sheikh. "Kaskazi, masika, kusi, vuli. Darasani utakuja kama kawaida. Nikaha hutoandika wala hutoshuhudia. Na mimi sitamwambia mtu." Nikambusu mkono nikatoka, na pale nje nilihisi wepesi, nikadhani nimeshamaliza.

Mwezi wa saba wa mwaka ule wa adhabu yangu Sefu alioa. Alikuja kwetu na kanzu aliyonishonea mwenyewe, kola imetiwa nakshi ya uzi wa dhahabu. "Hii ya shahidi wangu," akasema. "Mimi sina ndugu wa kiume, nakuweka wewe." Ilinipasa nimwambie siku ile. Nilisema inshaallah, na neno hilo tukufu nililitumia kujifichia. Basi siku ya nikaha, baada ya alasiri, tumekaa duara msikitini, walii wa bibi harusi yuko mbele, udi unafuka, Sheikh Twahiri akauliza, "Mashahidi?" Mmoja alikuwa mjomba wa bibi harusi. Sefu akanigeukia, anatabasamu.

"Mimi sifai, Sheikh," nikasema.

Watu wakadhani ni unyenyekevu. Mmoja akasema, "Ah, Hamadi nawe!" Sheikh hakuinua macho. Na kutoka safu ya pili Maalim Mkadam akajikohoza, akasogea mbele kwa magoti, akasema, "Mimi nipo, Sheikh. Sefu ni mwanangu." Sheikh hakuwa amesikia neno lolote baya juu yake, na mtu ambaye aibu yake imesitirika anakubaliwa. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokipoteza. Mtu mmoja tu katika msikiti ule alijua kwa macho yake Maalim ni shahidi wa namna gani, na mtu huyo ni mimi, ambaye ushahidi wangu ulikuwa haukubaliwi. Maalim aliulizwa, akasema amesikia na ameshuhudia, sauti nzuri, nzito, na watu wakaitikia amin. Nilikuwa nimevaa kanzu ya shahidi, nimekaa.

Tulipotoka, Sefu alinishika mkono pale panapovuliwa viatu. "Nimekukosea nini?" akaniuliza. Nikamwambia yote: soko la Mkokotoni, utepe wake ambao haukutolewa mkobani, dole la Bi Mize ambalo halikuwa lake, mistari mitatu ambayo haikusomwa. Kwa nyuma watu walikuwa wakimwita, "Bwana harusi! Bwana harusi, unangojwa!"

"Na ndoa yangu?" akauliza kwanza.

"Ndoa yako ni sahihi. Mtu hahukumiwi kwa lisilojulikana."

Alikuwa ameshika kiatu kimoja. "Basi karatasi yangu mimi," akasema, "wiki mbili zile, imekaa kati ya karatasi zenu." Hakukasirika. Akavaa kiatu, akavaa na cha pili, akaenda kwa mkewe.

Mwaka wangu ulipotimia Sheikh Twahiri alinipa kalamu, na nikawa karani wake, kisha wa waliomfuatia, mpaka macho yaliponikatalia. Nimeshuhudia nikaha nyingi sana katika mji huu, na kwa kila moja namshukuru Mola. Sefu tulibaki marafiki mpaka alipofariki. Aliozesha watoto wanne, na kila mara alinialika, akanikalisha safu ya mbele karibu naye, na mashahidi akawatafuta kwengine.